Stata inalia "tak" moja na gari haliwaki: pima kabla ya kununua

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Corolla 110 ya gia otomatiki, niko Morogoro. Siku hizi nikizungusha ufunguo inalia "tak" moja tu, injini haizunguki. Taa zote zinawaka vizuri. Nikirudiarudia, kuna wakati inakubali na kuwaka kama haina tatizo lolote. Niliambiwa ni betri, nikanunua mpya, ugonjwa uko palepale. Sasa fundi wangu anataka ninunue stata nzima. Nimpe hiyo hela?

JIBU: Nzuri dada, na pole kwa gharama ya betri. Hela ya stata ishike kwanza. Dalili ulizoandika zinaelekea sana sehemu moja ndogo ndani ya stata, na inatengenezeka bila kununua stata nyingine. Ila kabla fundi hajafungua boliti hata moja, apime.

Tuanze na mlio. Betri iliyoishiwa kwa kawaida hulia "ta-ta-ta-ta" kwa kasi huku taa zikififia: solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) inavuta, umeme unaanguka, inaachia, umeme unapanda, inavuta tena. "Tak" moja nzito inayotoka kwenye stata maana yake solenoidi imevuta na imeshikilia, lakini mota haizunguki. Kama mlio ni mwembamba na unatokea ndani kwenye dashibodi, hiyo ni rilei (swichi ndogo ya umeme), na hapo tunafuata waya mwembamba unaopeleka amri kwenye stata. Mwambie mtu akupigie stata, wewe simama pembeni boneti ikiwa wazi, usikilize unatokea wapi.

Taa kuwaka vizuri kumewadanganya wengi. Taa kubwa mbili zinakula kama ampea 10 tu, wakati stata ya injini ndogo ya petroli inataka 100 hadi 200. Tominali yenye ukungu mweupe inapitisha hizo 10 bila shida, halafu inashindwa kwenye 150. Ukinzani wa omu 0.02 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuusoma vizuri, unameza volti 3 pale ampea 150 zinapopita. Betri mpya iliyofungwa kwenye tominali chafu haisaidii kitu.

Kwa hiyo chukueni mita. Gari likiwa limezimwa tangu usiku, gusa vichwa vya risasi vya betri vyenyewe, siyo vibanio vya waya. Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu, ichajini kwanza. Sasa mtu apige stata huku mnaangalia. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka, au stata inavuta umeme mwingi kupita kiasi kwa sababu kuna kitu kimekamata. Lakini kama imelia "tak" na mita imebaki kwenye 12 na ushee, betri yako ni nzima: umeme mkubwa haujatoka kabisa, njia imekatika mahali fulani.

Kutafuta mahali hapo si kubahatisha. Ncha moja ya mita weka kwenye kichwa cha betri, nyingine kwenye kibanio chake, piga stata. Ikisoma karibu na sifuri, kiungo hicho kizuri; ikiruka kuwa volti kadhaa, umempata mwizi. Rudia upande wa pili. Kisha pima kutoka kichwa cha hasi hadi chuma cha injini; ikizidi nusu volti, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na injini) umeoza au umelegea. Vyote vikiwa safi, shukeni kwenye stata. Solenoidi ina boliti mbili nene: moja inapokea waya wa betri, nyingine inaingiza umeme kwenye mota. Wakati wa "tak", ya kwanza ikiwa na volti 12 na ya pili haina kitu, jibu limepatikana: kontakti zimekwisha.

Kontakti ni vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Plunja (chuma kinachovutwa na sumaku ya solenoidi) ikivutwa, sahani yake ya shaba inavigusa vyote viwili kwa pamoja na umeme unapita. Kila unapowasha gari cheche inakula shaba kidogo, na mara nyingi kipande kimoja kinaliwa kuliko mwenzake, hivyo sahani inagusa upande mmoja na kuukosa wa pili. Plunja ikigeuka kidogo inapata sehemu yenye shaba bado, ndiyo maana ukirudiarudia inakubali. Stata nyingi za Denso kwenye Toyota za umri wa gari lako zinafunguka, na kontakti huuzwa peke yake kwa bei ndogo sana kuliko stata. Zibadilishwe zote mbili, na sahani ya plunja ikiwa imechimbika nayo ibadilishwe. Akishafungua, aangalie pia kaboni (brashi zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka). Boliti ya pili ikipata volti 12 na mota bado imekaa kimya, basi kaboni ndizo za kushuku kwanza.

Waya mnene wa stata una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, kwa hiyo tominali ya hasi itolewe kabla ya kugusa stata, na irudishwe mwisho. Usikubali mtu aunganishe stata kwa bisibisi akiwa chini ya gari. Likiwa kwenye gia linaweza kumpitia. Na usikubali kabisa ule mtindo wa kuchomoa tominali injini ikinguruma eti kupima alteneta, kwani umeme unaruka ghafla na kuunguza kontrol boksi. Alteneta inapimwa kwa mita kwenye betri, gari likiwa linawaka: ikiwa kati ya 13.8 na 14.5, iacheni.

Kama gari lilipita kwenye maji mengi kabla ya tatizo kuanza, acha kupiga stata. Maji yakiwa ndani ya silinda, kulazimisha kunapinda koni rodi (mkono unaoshika pistoni). Fundi atoe plagi zote kwanza, kisha azungushe injini kwa spana kwenye boliti ya puli.