Mwenye Silaha Naye Hupiga Hodi

Kwa miaka tisa nimeendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Bagamoyo, na jambo ambalo ningependa niwe nimeelezwa mapema ni namna ya kumpokea mgeni aliyebeba bastola.

Wa kwanza alifika jioni akitokea Dar es Salaam, akaiweka silaha juu ya meza ya mapokezi huku akitafuta kitambulisho, akanionyesha na leseni yake, nami kwa kumstahi mteja nikaipokea na kuifungia kwenye droo hadi asubuhi. Jirani yangu, askari polisi mstaafu, aliposikia alinikalisha kitako. Alinieleza kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu aliyetajwa ndani yake, wala haihamii kwa mwenye droo. Hivyo usiku ule nilikaa na silaha isiyo yangu bila kibali. Nilishtuka zaidi nilipokumbuka kwamba ufunguo wa droo hukaa kwa mhudumu wa zamu.

Tangu hapo sipokei. Mgeni mwenye silaha ninamwomba kwa upole, kabla hajalipa, aipeleke kituo cha polisi ikahifadhiwe, au atafute malazi kwingine. Wapo wanaokasirika wakisema Serikali imewaruhusu. Imewaruhusu kumiliki, ruhusa ya kuingia kwangu naitoa mimi.

Andikeni katazo, ndugu zangu, na mliandike nje. Huko Texas, Marekani, ambako wengi hutembea na bastola, sheria imepanga hata maneno ya tangazo la mwenye duka: liwe kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja, na bastola iliyofichwa ina tangazo lake tofauti na ile inayoonekana. Langu ni fupi, kwa Kiswahili na Kiingereza, nalo nimelibandika kabla ya kizingiti kwa makusudi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuketi na wenzake mezani, akiambiwa atoke, hufedheheka, nami sitaki kumfedhehesha mtu mwenye bastola kiunoni.

Wahudumu wangu nimewakataza kubishana naye wala kuigusa silaha yake. Wananiita mimi, nisipopatikana wanapiga 112, namba ambayo nimeiandika kwenye jalada la daftari la wageni.