Vyumba vya bure vya kasino hulipwa na nani

Umeuliza kasino zinazoshindana zinapata wapi pesa za kugawa vyumba na chakula bure. Zinatoka kwa wachezaji wenyewe. Ile kadi ya uanachama unayoichomeka kwenye mashine huhesabu kila dau, na zawadi hupimwa kwa kiasi unachotarajiwa kupoteza. Ushindani huuma kweli: mapato ya kumbi za kasino za Atlantic City, mji wa kamari wa jimbo la New Jersey huko Marekani, yalifika kilele mwaka 2006, kisha majimbo jirani yakafungua kasino zao, wateja wakabaki kwao. Mimi kabla ya kuulizia chumba huangalia gurudumu la ruleti, mchezo wa kubashiri namba ambayo kimpira kitatua; sifuri ndizo nafasi zinazoipa kasino faida. Lenye sifuri moja hukata wastani wa asilimia 2.7 ya dau, la sifuri mbili 5.26, na Las Vegas siku hizi kuna hata la sifuri tatu, 7.69!