Muulize Mwalimu: Nani Mwenye Maiti ya Mfalme?

*Mwalimu, salamu kutoka steji ya boda Kondele. Juzi tukingoja wateja, mwenzetu aliapa kwamba mfalme mzima wa Uingereza alifukuliwa chini ya mahali pa kuegesha magari. Tulimcheka hadi akawasha pikipiki akaondoka. Nani anunue soda?*
– Mwanaboda, Kisumu

Mnunulieni, tena baridi. Mfalme mwenyewe ni Richard wa Tatu, aliyeuawa vitani Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 akiwa na miaka 32. Maiti yake ilibebwa uchi juu ya farasi hadi mji wa Leicester, na watawa wa Kifransisko wakaizika kanisani mwao haraka haraka. Kaburi lenyewe lilikuwa fupi kuliko mwili, kwa hiyo kichwa kikabaki kimeegemea ukingo. Baadaye Mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba za watawa, kanisa likabomolewa, na watu wakaanza kusimuliana kwamba mifupa ilitupwa mtoni.

Agosti 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walipasua lami kwenye maegesho ya ofisi za halmashauri. Siku ya kwanza tu wakagonga mifupa ya miguu. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda, na fuvu lilikuwa na majeraha ya silaha. Vipimo vya DNA vililinganishwa na vya seremala mmoja mzaliwa wa Kanada, mzao wa dada yake mfalme kupitia kwa kina mama, zaidi ya miaka mia tano baadaye. Vikaoana. Seremala huyo huyo ndiye aliyelitengeneza jeneza.

Ila mimi ninayoipenda ni kesi iliyofuata. Wakajitokeza watu waliojiita jamaa za marehemu, wakasema huyu ni mtu wa kaskazini, azikwe York. Leicester wakasema sisi ndio tumekaa naye miaka yote hii. Wakaenda mahakama kuu ya London. Mei 2014 majaji wakawapa ushindi waliotaka azikwe Leicester, na Machi 2015 akawekwa kwenye kanisa kuu la mji huo.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu kijana wakati wa kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, akataka amzike shambani kwao karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Pale shuleni tulikuwa na redio moja, na betri zake tulizianika dirishani ili zipate nguvu za kutufikisha mwisho wa taarifa. Walimu wawili waliokuwa wakikopeshana sukari waliacha kusalimiana kwa sababu ya kesi hiyo. Maiti ilikaa mochari zaidi ya siku 150, hadi Mei 1987 ukoo ukashinda. Hivyo msidhani Waingereza wametupita sana katika mambo haya.

*Mwalimu, mimi ni wa hapa Nakuru, mtaa wa Section 58. Mwaka jana tulimpoteza baba, na ndugu zangu wakabishana wiki tatu kabla ya kukubaliana. Bili ya mochari nusura itumalize. Hao wafalme wa zamani, bila barafu wala dawa, walifanyaje mtu akifia mbali?*
– Mama Kevo, Nakuru

Pole sana, mama, na baba alale salama.

Walitoa vya ndani kwanza. Henry wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, alifia Normandy, Ufaransa, Desemba 1135, na alitaka kuzikwa Reading, Uingereza, kwenye abasia, yaani nyumba ya watawa, aliyoijenga mwenyewe. Matumbo yakazikwa kule kule karibu na Rouen. Mwili ukatiwa chumvi nyingi, ukafungwa ndani ya ngozi za ng'ombe kama mbuta anayepelekwa soko la mbali, kisha ukasubiri majuma kadhaa upepo mzuri wa kuvuka bahari. Haikusaidia sana. Mwandishi wa wakati ule, Henry wa Huntingdon, anasema mtu aliyelipwa kukipasua kichwa cha maiti ili kutoa ubongo alikufa kwa uvundo. Na leo abasia yenyewe ni magofu, kaburi halionekani.

Richard wa Kwanza, yule wanayemwita Moyo wa Simba, aligawanywa mara tatu mwaka 1199: matumbo Châlus alikopigwa mshale, mwili Fontevraud miguuni pa baba yake, moyo Rouen. Moyo huo umepimwa na wanasayansi wa Ufaransa siku hizi. Umebaki unga wa rangi ya kahawia, na ndani yake wamekuta mabaki ya mnanaa na ubani. Si usafiri peke yake uliowafanya wagawane maiti; kila kanisa lililopata kipande lilipata pia kazi ya kumwombea marehemu, pamoja na sadaka zake. Papa Boniface wa Nane alipiga marufuku ukatakataji huo mwaka 1299, lakini wenye vyeo waliendelea kutafuta ruhusa.

*Je, Malkia Victoria alizikwa karibu na ziwa letu?*
– Mwanafunzi, Dunga

Hapana, mwanangu. Hakuwahi hata kuliona. Mvumbuzi Mwingereza, John Speke, alilibandika jina hilo mwaka 1858, na wazee wako walikuwa wakiliita Nam Lolwe zamani. Victoria alikufa Januari 1901, miezi kumi na moja kabla reli kufika hapa Kisumu, na amelala Frogmore, Windsor, kando ya mumewe Albert. Aliagiza avishwe nguo nyeupe.

*Mwalimu, huku Mumias jirani alisimamisha mazishi ya mjomba akidai kaburi limechimbwa kwenye kipande chake. Aibu gani hii? Ni sisi tu?*
– Mpwa wa marehemu

Si nyinyi tu. Mimi mwenyewe nimeona huko Ugenya, kwenye mazishi ya shemeji yangu. Pasta amefungua kitabu, jeneza liko juu ya kamba, mtu akaja na gambuti akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nalipwa, au tunalala wote hapa." Chifu akaitwa, noti zikahesabiwa juu ya kiti cha plastiki, ndipo akainuka akajipangusa udongo.

Sasa sikia ya William Mshindi, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Alifariki Rouen, Septemba 1087. Mtawa Orderic Vitalis anaandika kwamba wakubwa walikimbilia kulinda mali zao, na watumishi wakabeba silaha, vyombo na matandiko, wakaiacha maiti sakafuni karibu uchi. Ikapelekwa Caen, kwenye kanisa alilolijenga mwenyewe. Maaskofu wamejipanga, hotuba imekwisha, mtu anayeitwa Ascelin akasimama: ardhi hii ilikuwa ya baba yangu, huyu mnayemwombea aliinyakua, nakataza asifunikwe kwa udongo wangu. Majirani wakaulizwa, wakasema ni kweli. Basi ibada ikasimama, Ascelin akalipwa shilingi 60 za kaburi papo hapo, na akaahidiwa malipo ya sehemu iliyobaki.

Kisha jeneza la mawe likawa dogo kwa mwili ule mnene. Wakausukuma, tumbo likapasuka, na ubani haukufua dafu. Mapadri wakamaliza sala mbio mbio. Mwaka 1562 Waprotestanti walilivunja kaburi, mifupa ikatawanyika. Uliookolewa ni mmoja, wa paja.