Maswali ya mwaka wa kwanza chuoni

Vyuo vikifunguliwa, barua nyingi zinazonifikia huwa ni za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Safari hii nimechagua nne, na nimezifupisha bila kubadili maana.

Shikamoo mwalimu. Nilisoma shule ya kata mkoani Kigoma, na sasa nipo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasomea ualimu. Katika mihadhara ninaambulia nusu tu ya anayoyasema mhadhiri, ilhali wenzangu wanauliza maswali kwa Kiingereza chepesi kabisa. Je, mahali hapa pananifaa kweli?

Marahaba, mwanangu. Panakufaa, na nafasi hiyo umeipata kwa haki. Kidato cha sita mlikuwa wachache darasani, mwalimu alirudia somo na kukuandikieni notisi ubaoni, na asiyeelewa alionekana usoni. Katika kumbi za mihadhara za Yombo, hapo Mlimani, mnakaa mamia, mhadhiri anazungumza mfululizo kisha anaondoka, wala hana namna ya kujua kwamba wewe wa safu ya nyuma umeachwa tangu dakika ya kumi. Basi usiingie ukumbini ukiwa mtupu. Juma la kwanza kila mhadhiri hutoa muhtasari wa kozi unaoonyesha mada za kila wiki na vitabu vya kusoma. Jioni iliyotangulia soma kurasa chache za mada ya kesho, orodhesha istilahi usizozijua, tafuta maana zake, halafu ukae safu za mbele. Utashangaa jinsi masikio yanavyofunguka pale neno unalolisikia linapokuwa ulishaliona kwa macho.

Kuhusu kuuliza, anzia kwenye semina, ambako mnakuwa kikundi kidogo. Liandike swali lako kamili kwenye daftari kabla ya kuingia, kisha ulisome kama lilivyo. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Pia usiidharau kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo wengi huiona ya kujazia ratiba, kwa maana humo ndimo mnamofundishwa kuandika insha ya kitaaluma na kutaja marejeo, mambo ambayo shuleni hukuyafanya. Madesa, yaani notisi za waliotangulia, yatakusaidia kufanya marudio, lakini hayatakufundisha somo.

Bumu la kwanza, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, lilipoingia nilinunua simu, nikamtumia mama shilingi 150,000 na kulipa kodi ya geto ninaloishi na wenzangu wawili. Zimebaki 40,000 na bumu jingine lipo mbali, kama wiki tano hivi. Nifanyeje?

Kwanza tuhesabu. Shilingi 40,000 kwa siku 35 ni wastani usiofika 1,150 kwa siku, na kiasi hicho hakiwezi kukulisha mgahawani hata kwa mlo mmoja wa maana. Kwa hiyo acheni kula mgahawani kuanzia leo. Kwa kuwa mnaishi watatu, changeni mnunue unga, mchele, maharage na dagaa kwa pamoja sokoni, mpike jioni chakula kitakachobaki hadi asubuhi. Hata hivyo fedha hiyo haitafika mwisho, hivyo mweleze ukweli ndugu mmoja unayemwamini sasa hivi, kabla hujaanza kulala na njaa. Kama simu ni ya bei kubwa, iuze ununue ya kawaida. Ninachokusihi kwa nguvu zote ni kwamba usiguse mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, wala ile ya kwenye simu, kwa sababu bumu lijalo litaishia kwa wakopeshaji kabla hujanunua hata kilo ya unga.

Kumsaidia mama ni jambo jema, nami sitakulaumu kwa hilo. Lakini Bodi ya Mikopo hukupa fedha ya chakula na malazi kwa hesabu ya siku, na mwaka wa masomo 2022/23 kiwango hicho kilipandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku. Ukipokea laki kadhaa kwa mkupuo, macho huona utajiri, kumbe ni ugali wa siku sitini. Siku ya kupokea, tenga kodi, tenga chakula cha hadi bumu lijalo, kisha umtumie mama kutoka katika kitakachosalia, hata ikiwa ni 20,000. Tena huo ni mkopo: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi uishe.

Nimepata alama 7 kati ya 20 katika jaribio la kwanza. Naogopa supu, ule mtihani wa marudio wa walioshindwa.

Hofu hiyo itumie mapema. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kawaida kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo ulichopoteza ni alama 13 kati ya 100, nazo zinaweza kufidiwa. Chukua karatasi yako, nenda kwa mhadhiri katika saa zake za kuonana na wanafunzi, umwombe akuonyeshe ni wapi hasa jibu lilipungua. Mara nyingi mwanafunzi aliyeambiwa "jadili" huwa ameorodhesha tu. Ukingoja hadi supu, hata ukiijibu vizuri namna gani, daraja la juu kabisa utakalopewa ni C, na hilo hushusha wastani wako.

Natoka Pemba, naishi bwenini, na sina rafiki hata mmoja. Wikiendi nalia.

Pole sana, binti yangu. Usijilazimishe kupata marafiki wengi. Tafuta mtu mmoja wa kwenda naye maktaba na mmoja wa kula naye. Jumuiya ya wanafunzi Waislamu au ya watu wa kwenu ni mahali pepesi pa kuanzia. Mpigie mama, lakini usiwe unasafiri kila mapumziko mafupi, maana kila ukirudi utaanza upya. Endapo kilio kinakunyima usingizi au hamu ya kula kwa majuma mawili, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mazungumzo ya huko ni ya siri, na hakuna anayeandikiwa vibaya kwa kwenda.