Madevelopa wapya mnaokaa na watafiti, naombeni dakika mbili

Wiki hii tena nimemwona kijana kafungua skripti (faili la kodi ya kompyuta) ya mtafiti, kacheka, kaanza "kuisafisha" hata hajauliza inafanya nini. Jamani.

1. Usicheke variabo inayoitwa x2. Hilo faili refu lisilo na fankisheni hata moja lishatoa pepa, na yeye analipwa kwa pepa, kodi anaiona kama chupa ya maabara tu, ikishatoa jibu inawekwa pembeni.

2. -999 usiiguse. Hii iliniumiza mimi. Tulikuwa na mfumo wa data za mvua, siku ambayo kituo hakikusomwa watafiti wanaandika -999. Mimi nikaona mvua hasi inatoka wapi, nikajifanya mjanja nikageuza zote kuwa 0, testi (kodi ndogo za kukagua kodi nyingine) zikapita zote kijani (nilizoandika mwenyewe, zinaangalia kama kuna namba hasi, basi), nikaenda kulala. Kumbe 0 ni kipimo halali kabisa, maana yake mtu kaenda kwenye kipimamvua kakuta pakavu. Vituo ambavyo msomaji hakuwepo masika nzima vikawa jangwa. Dokta wetu, mtafiti, mama mmoja mpole, akaangalia grafu, kodi hata hajaifungua, akasema "Aprili huku haiwezi kuwa hivi, mwanangu umefanya nini?" Ila muhtasari alishautuma kwa wenzake. Barua ya masahihisho ikaenda kwa jina lake, langu halimo popote. Siku ile chai haikupita kooni.

3. Usimwambie "andika testi" ukaondoka. Jibu sahihi halijui, ndo maana anatafiti! Muulize, ukiona nini utajua imeharibika? Atakutajia mambo ambayo hayapo kwenye dokumenti yoyote.

4. Vita na Excel achana navyo. Ilikuwa inageuza majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe, na mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikatangaza imebadilisha majina, sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Jeni ndo zilihama kwanza, Excel ikaja kuweka chaguo la kuzima tabia hiyo 2023. Wewe na lugha yako ya Python utamhamisha nani?

5. Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi) wafundishe kidogo kidogo, ribesi (amri yake ya kuandika upya historia hiyo) usiitaje.

6. Kabla hujabadilisha chochote omba data ya zamani na majibu yake, endesha kabla na baada, linganisha. Ikitofautiana desimali ya kumi na nne usipige kelele, ikitofautiana ya pili mwite dokta kwanza, hata kama yuko kwenye kikao.