Kigoma hadi Mtwara kwa saa mbili? Wadogo zangu wa kaunta ya tiketi za ndege, sikilizeni

Wiki hii nimemsikia tena kijana mpya akimjibu mteja kwenye simu: "Kigoma mpaka Mtwara ni saa mbili tu, mama." Wadogo zangu, nawapenda, ila jibu hilo linaumiza watu. Shikeni haya yafuatayo kabla msimu wa likizo haujatuvamia.

1. Kikokotoo cha umbali hakijui ratiba. Kinachora mstari kwenye ramani, kinapata takribani kilomita 1,300, kinagawanya kwa mwendo wa ndege, kinaishia hapo. Hesabu yenyewe ni sahihi, maana Dash 8-400, ile ndege ya mapangaboi, hukata zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Lakini ndege ya ratiba haipiti huko. Abiria anakuja kwanza Dar, kama kilomita 1,080, ndipo ashuke Mtwara, kama 400. Jumlisheni muone: zilizoongezeka hazifiki hata 200! Muda wote unaliwa hapa chini, uwanjani.

Kuna mzee alikuwa akitoka Kigoma kwenda kumzika kaka yake Mtwara. Aliyemhudumia alimwambia saa mbili, akamkatia tiketi mbili za mashirika tofauti, katikati akaacha dakika arobaini. Ndege ikagusa Tabora, ikachelewa kuondoka. Mzee akafika Terminal 2, jengo la abiria hapa uwanja wa Dar, akasimama kwenye mkanda kusubiri begi, kwa kuwa tiketi zikiwa mbili mzigo nao unaishia Dar. Akatoka nje, akaanza upya foleni ya ukaguzi, akakuta kaunta ya kusajili abiria imefungwa. Nilimkuta ameketi na begi mapajani, simu inaita, ndugu wanauliza kama wamsubiri. Alishindwa kuipokea. Wale ni Waislamu, maiti haicheleweshwi. Wakazika bila yeye. Jamani, dakika tano za kumweleza mtu ukweli zingetosha, angeondoka Kigoma jana yake au angejua mapema kwamba hawahi.

2. Angalieni kipimo cha umbali mnaosoma, ni kilomita au maili, na maili ipi. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609, ya baharini, wanayotumia marubani, ni 1.852.

3. Muda wa kwenye tiketi unaanzia ndege inapotoka kwenye maegesho mpaka inapoegeshwa tena, na saa zote ni za mahali husika. Anayekwenda Bujumbura asishangae: Burundi wako saa moja nyuma yetu.

4. Ndege ndogo za Mafia zinatumia Terminal 1. Mteja akiunganisha na ndege ya Terminal 2, mwambieni anahama jengo, na mumwachie nafasi ya kutosha.

5. Tiketi inaandika 07:00, na wazazi wetu wanaisoma saa saba. Chukueni kalamu, andikeni pembeni kwa herufi kubwa: SAA MOJA ASUBUHI. Kisha mwambieni mteja awasomee ninyi kwa sauti kabla hajaondoka kaunta.