Maswali ya kazini: mteja, bosi na mshahara wako

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa vijana wa kampuni za matangazo hapa Mombasa. Najibu nne.

Dada, mteja wetu mmoja, hoteli, hajalipa tangu Pasaka. Bosi ametupa nusu mshahara miezi miwili, asema tuvumilie kwani sisi ni familia. Tufanyeje? (Mbunifu wa picha, Bamburi)

Mdogo wangu, deni la hoteli ni la bosi wako. Wewe umeajiriwa, hukuingia ubia. Desemba hoteli zilipojaa, faida hamkugawana. Basi asiwagawie hasara ya msimu wa mvua. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mshahara wa mwezi ulipwe mwezi ukiisha, na imetaja makato yanayoruhusiwa. Mteja kuchelewa kulipa hakumo. Hilo la familia laniudhi sana, maana hutajwa siku ya kunyimwa tu.

Andikeni barua moja, mtie sahihi nyote: kila mmoja anadai kiasi gani, na mnataka mlipwe lini. Itumeni kwa barua pepe, msiiache kwenye kundi la WhatsApp ambako ujumbe hufutwa. Wekeni nakala za hati za mshahara na taarifa za benki, na mkiwa hapo hapo, hakikisheni makato ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) yanafika kweli. Bosi akinyamaza, nendeni kwa afisa wa kazi wa serikali. Kupeleka malalamiko hakuhitaji wakili. Ikishindikana, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapa hapa Mombasa. Msikawie: madai mengi hufa baada ya miaka 3, na mengine mapema zaidi.

Nina miezi kumi naendesha kurasa za wateja bila mkataba. Nikiuliza, naambiwa bado niko kwenye majaribio. (Kisauni)

Majaribio hayapiti miezi 6, na hayaongezwi bila wewe kukubali. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuuandaa ni mwajiri. Mkifikishana mahakamani naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake. Mwandikie leo: ulianza lini, mshahara kiasi gani, siku zipi za kazi, umwombe athibitishe.

Meneja hutuma maagizo kwa sauti saa tano usiku, hata Jumapili. Bango moja limerudi mara saba, kisha akanifokea mbele ya mteja. Je, mimi ndiye mbovu? (Tudor)

La, dada. Hizo sauti ulizoninukulia zatosha: ya kwanza yataka rangi ikolezwe, ya pili yataka irudi ya jana, ya tatu yasema mke wa mteja hapendi samawati. Hapo hakuna aliyeamua lolote, na wewe ndiwe unayelipia kwa usingizi wako. Kabla hujafungua kompyuta, andika mistari minne: tangazo la nini, la nani, bei na tarehe za ofa, na nani mwenye neno la mwisho. Mtumie meneja, usianze mpaka ajibu. Bango likirudi, mwonyeshe mistari ile ile.

Mapumziko ni haki yako: angalau siku 1 katika kila 7. Agizo la jumla la mishahara la serikali laweka saa 52 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Kuhusu kufokewa, mkabili faraghani kesho yake, mambo yakiwa yametulia, umwambie wazi kuwa makosa ayaseme ofisini. Akirudia, andika tarehe, maneno yenyewe na waliokuwepo, upeleke kwa mwenye kampuni. Meneja anayemdhalilisha mfanyakazi mbele ya mteja anaiharibia kampuni jina, na mwenye mali anapaswa kulijua hilo.

Nimechoka, nataka kuacha. Nidai nini? (Likoni)

Kama unalipwa kwa mwezi, toa notisi ya siku 28 kwa maandishi, au zaidi mkataba ukisema hivyo. Dai siku ulizofanya kazi, likizo uliyobakisha (ni siku 21 za kazi kwa mwaka), na cheti cha utumishi, yaani karatasi ya mwajiri inayoonyesha ulifanya kazi gani na tangu lini hadi lini. Hicho hawaruhusiwi kukunyima hata mkiachana kwa ugomvi. Na kabla ya kurudisha kompyuta yao, omba ruhusa ya maandishi ya kuonyesha mabango uliyobuni, maana kisheria kazi hizo kwa kawaida ni mali ya mwajiri.